Swali la Kwanza la Siku ya Thelathini

Shangazi yangu alikuwa na wiki mbili kaburini nilipomkuta yuko hai. Nilimkuta ofisini kwetu, kwenye daftari la waliovunjika nyonga, mstari wa saba kutoka juu: mwanamke, miaka themanini na mmoja, amepasuliwa, ameruhusiwa kwenda nyumbani, siku ya thelathini hai. Nilikuwa nimerudi kazini asubuhi hiyo kutoka likizo ya msiba. Hata mkoba sikuwa nimeuweka chini.

Nieleze kazi yangu, maana hasira isiyoelezwa huonekana wazimu. Mimi ni karani wa utafiti katika wodi ya mifupa. Miaka tisa nimekaa chumba kilekile, kati ya stoo ya magongo na choo cha wauguzi, dirisha langu likitazama ukuta. Kila mzee anayeletwa nyonga ikiwa imevunjika namwandika: alianguka wapi, aliletwa lini, alipasuliwa lini, alitoka lini. Halafu, siku ya thelathini tangu aletwe, napiga simu. Maswali ni matatu, yamechapwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya meza yangu, na nimeyauliza mpaka mume wangu anasema nayatamka usingizini. Je, mgonjwa yuko hai? Je, anaweza kusimama mwenyewe? Je, anasikia maumivu?

Majibu hayo ndiyo yanayomlisha mkuu wetu sifa. Yeye ni profesa wa mifupa, mtu mrefu, msafi, mwenye sauti ya kubembeleza. Sisi wa chini tunamwita Bwana Mteremko, kwa sababu kila mwaka anaonyesha mchoro wa vifo na kila mwaka mstari unateremka. Mwaka wa kwanza walikufa wazee kumi na wanne katika kila mia kabla ya siku ya thelathini. Mwaka jana walikufa watano. Watu wanasafiri kuja kuutazama mstari huo kama vile ni mtoto aliyezaliwa na meno.

Shangazi ndiye aliyenilea. Alikuwa fundi cherehani, mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi, na alipenda kunisikiliza nikisimulia ya kazini huku akishona. Nilimwambia kwamba utafiti wa nyonga nao una mitindo yake. Zamani watafiti wote walibishana juu ya vyuma: parafujo ngapi, nyonga ya bandia nzima au nusu. Ukaja mtindo wa saa: mzee apasuliwe ndani ya siku mbili, akicheleweshwa mapafu yanajaa maji na mgongo unatoka vidonda. Siku hizi kila makala inauliza kama mzee aliweza tena kwenda chooni kwa miguu yake. Shangazi alisimamisha cherehani akauliza mbona hilo la choo halikuulizwa kwanza. Kisha akaendelea kushona, ameridhika kwamba amewashinda maprofesa wote.

Alijikwaa kwenye waya wa pasi. Alikuwa amevaa tepu ya kupimia shingoni na pini nne mdomoni, na alianguka bila kuzimeza, jambo alilojivunia mpaka mwisho. Mimi mwenyewe nilimwandika daftarini. Nilijua mtindo wa saa, nikajua siku mbili zinatosha, nikamwambia usiwe na wasiwasi, uko kwa watu wangu.

Akangoja siku kumi na mbili. Alilazwa chali, mguu umefungwa kamba inayopita kwenye kapi hadi kwenye mfuko wa mchanga, na kila asubuhi jina lake likawa la mwisho kwenye orodha ya chumba cha upasuaji, na kila jioni likahamishiwa kesho. Muuguzi mkuu, ambaye hana tabia ya kuficha, ndiye aliyenifungua macho. Profesa alikuwa ametoa maagizo kwamba wenye nguvu watangulie. Mzee mwenye moyo dhaifu akipasuliwa mapema na akafa mezani, mstari unapanda. Akingoja, ama anakufa bado hajapasuliwa na hahesabiwi kwenye utafiti, ama anapasuliwa na kurudishwa kwao upesi. Nilikwenda kumsihi profesa. Akanishika bega, akaniambia kwamba anamjali shangazi yangu kama mama yake mzazi, na kwamba kila kitu kinafuata utaratibu. Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nikamshukuru.

Siku ya kumi na tatu walimpasua. Siku ya kumi na tisa wakamrudisha kwangu na kidonda mgongoni unachoweza kuingiza ngumi. Siku ya ishirini na tatu alikufa.

Sasa turudi kwenye ule mstari wa saba. Mwandiko ulikuwa wa mtaalamu wetu wa takwimu, baba wa watoto wawili, mpole, ambaye wodi nzima inamwita Asilimia. Yeye ndiye aliyenishikia kazi nilipokuwa msibani. Nilimuuliza. Akaangalia daftari, akaniangalia mimi. Alisema alipiga namba iliyoandikwa, akakuta simu imezimwa, akafanya kama tunavyofanya siku zote.

Kama tunavyofanya siku zote ni hivi. Namba tunayoiandika daftarini ni ya mgonjwa mwenyewe. Siku ya thelathini tunapiga mara tatu. Asipopatikana, tunaandika hali yake ya mwisho tuliyoijua, na kwa kuwa alitoka wodini akipumua, tunaandika hai. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo miaka tisa bila kujiuliza jambo ambalo mtoto wa darasa la pili angejiuliza: maiti anapokea simu vipi?

Nilikwenda kwa profesa na daftari kifuani. Nikamwambia kuna kosa dogo la kurekebisha. Alilisoma, akavua miwani, akanipa pole kwa mara nyingine. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo kama jiwe ndani ya kiatu.

"Mama, siwezi kumbadilisha. Tukianza kurekebisha mmoja kwa sababu ni ndugu yetu, tutakuwa tunapendelea. Kanuni ni kwa wote. Acha abaki hivyo."

Aliniomba nifunge mlango nikitoka. Nikaufunga taratibu kabisa. Kwenye korido nikaegemea ukuta wa stoo ya magongo na nikakata shauri kwamba mtu huyu atatamka kwa mdomo wake, mbele za watu, kwamba shangazi yangu amekufa. Sikutaka pole yake. Sikutaka hata afukuzwe, wakati ule. Nilitaka aseme.

Tangu siku hiyo nikajitia hamnazo. Nikawa karani mwema kuliko wakati wowote: chai yake ilimfika mezani ikiwa moto, barua zake zilipigwa mhuri kabla hajauliza. Alidhani msiba umenikomaza. Na saa ya chakula cha mchana, wengine walipokwenda kula, mimi nilikwenda stoo ya kumbukumbu.

Kuna jambo mtu wa utafiti halijui, kwa sababu hakai na makaratasi. Hakuna mgonjwa anayepasuliwa bila ndugu kutia sahihi fomu ya ridhaa, na kila fomu ya ridhaa ina namba ya simu ya huyo ndugu. Daftari letu lilikuwa na namba za wagonjwa. Stoo ilikuwa na namba za watoto wao, wajukuu, wake, waume. Zilikuwa zimekaa pale miaka yote, ndani ya maboksi yaliyoliwa na mende, hatua arobaini kutoka kwenye meza yangu.

Nilianza na walioandikwa hivi karibuni nikarudi nyuma. Nilipiga kwa simu yangu mwenyewe, nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, daftari magotini. Wengi walinipokea vizuri. Mzee mmoja alidhani tumepiga kumwambia mkewe amepona, akaanza kulia kabla sijasema neno. Binti mmoja alinitukana matusi ya kila aina, kisha akaomba radhi, kisha akanisimulia siku nzima ya mwisho ya baba yake. Niliandika yote. Ilinichukua miezi saba. Kati ya watu mia nne na kumi na wawili walioandikwa hai kwa sababu simu imezimwa, nilipata familia za mia mbili themanini na sita. Mia moja na kumi na tisa walikuwa wamekufa kabla ya siku ya thelathini.

Nilimpelekea Asilimia karatasi zangu nikamwekea mezani. Alikaa nazo siku mbili. Siku ya tatu akaniita, akafunga mlango, akanionyesha mchoro mpya alioupiga kwa rula na kalamu nyekundu. Mstari haukuteremka mahali popote. Ulikuwa umelala chali, kama shangazi.

"Dada," akaniambia, "mimi nimeandika wangapi?"

Nikamwambia sijahesabu. Nilikuwa nimehesabu. Lakini hasira yangu ilikuwa na mwenyewe, profesa, na sikutaka kuigawa.

Basi nilikuwa na kila kitu, isipokuwa kimoja. Nilitaka ushahidi wa siku kanuni hii ilipoanza, niuone mkono wa profesa ukiitia sahihi. Nikalichukua daftari la pili, la miaka tisa nyuma, nikalifungua nikiwa na hamu kama mtu anayefungua zawadi. Nikafika kwenye ukurasa wa kwanza wenye simu zilizozimwa. Watu thelathini na mmoja, mmoja chini ya mwingine, na mbele ya kila mmoja neno lile: hai, hai, hai. Pembeni, kwa wino wa kijani, profesa alikuwa ameandika: Vizuri sana. Tufanye hivi daima.

Mwandiko wa zile hai zote ulikuwa wangu.

Ikanirudia. Ilikuwa Ijumaa. Ripoti ilitakiwa saa tisa, simu thelathini na moja hazikupokewa, na hakuna aliyekuwa ameniambia nifanye nini na wasiopatikana. Ningeweza kuacha wazi. Lakini safu tupu zinaonekana kama kazi haijafanyika, na mimi nilikuwa mgeni na nilitaka kusifiwa. Nikaandika hai mpaka chini. Na nikasifiwa kweli. Mwaka ule jina langu lilichapwa mwisho wa makala yake, kwenye shukrani, herufi ndogo. Shangazi aliukata ukurasa ule, akautia fremu, akautundika ukutani juu ya cherehani yake, na kila mteja aliyekuja kupimwa alilazimishwa kuusoma. Kilikuwa kilemba cha ukoka, na nilikivaa miaka tisa.

Ningependa kusema kwamba nililia. Nilichana ule ukurasa. Niliuchana polepole, karibu na uzi ulioshona daftari, ili isijulikane kwamba umechanwa, nikaukunja mara nne nikautia mfuko wa ndani wa mkoba. Nilijiambia kwamba mimi nilifanya mara moja kwa ujinga na yeye amefanya miaka tisa kwa makusudi, na hilo ni kweli. Hao thelathini na mmoja sikuwapigia simu ndugu zao. Kwenye hesabu yangu ya mia nne na kumi na wawili hawamo.

Mwaka huo mhadhara wa Bwana Mteremko ulikuwa mkubwa kuliko yote. Bodi inayosimamia utafiti wa hospitali zote ilikuwa inakuja kusikiliza, na ikiridhika, utaratibu wetu ungefuatwa kila mahali. Nilielewa maana yake. Kila wodi ingekuwa na shangazi wa mtu amelala chini ya mfuko wa mchanga, akingoja wenye nguvu watangulie.

Na mhadhara wake ulikuwa na mwisho wake maalumu, ambao watu waliupenda kuliko mchoro. Tuliuita simu ya mwisho. Profesa alikuwa akipewa kikaratasi chenye namba ya mgonjwa mmoja wa mwaka huo, anampigia palepale, sauti inatoka kwenye spika za ukumbi, na anamuuliza maswali matatu. Bibi au babu anajibu kwamba yu hai, anasimama, haumwi sana, na ukumbi unapiga makofi. Wageni walidhani namba inachaguliwa kwa bahati. Aliyechagua ni mimi. Wiki moja kabla nilikuwa natafuta mzee mchangamfu, namwambia saa na siku, namwomba akae na simu mkononi. Mwaka huo sikumtafuta mtu.

Niliichaji simu ya shangazi usiku kucha. Ilikuwa ya vitufe, kubwa kama sabuni ya kipande, na mlio wake ulikuwa wa jogoo, kwa sababu alisema ni jogoo tu anayesikika juu ya cherehani. Niliitia mkobani pamoja na ule ukurasa.

Ukumbi ulijaa. Bodi ilikaa mstari wa mbele, watu watano, mwenyekiti wao akiwa mama mmoja mzee mwenye fimbo, ambaye hakuandika neno lolote muda wote. Bwana Mteremko alizungumza vizuri. Lazima niseme hivyo. Alieleza jinsi utafiti ulivyohama kutoka kwenye chuma kwenda kwenye saa, na kutoka kwenye saa kwenda kwenye maisha ya mzee mwenyewe, akaonyesha mstari ukishuka, na mtu angekuwa na roho ya jiwe asisikie faraja. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa nne, karibu na njia, mkoba magotini.

Alipomaliza akatabasamu, akasema sasa tuache takwimu zijisemee zenyewe. Akanyoosha mkono. Nikainuka, nikampelekea kikaratasi, nikarudi kukaa. Alikisoma kwa sauti ya mtu anayetangaza mshindi: mwanamke, miaka themanini na mmoja, amepasuliwa, siku ya thelathini hai. Akabonyeza namba.

Jogoo akawika.

Watu walicheka. Hata yeye alicheka kidogo, akawaomba wageni wazime simu zao. Jogoo akawika tena. Nilifungua mkoba, nikaitoa ile simu, nikasimama ili nionekane vizuri, nikapokea.

"Haloo," nikasema, na sauti yangu ikatoka kwenye spika zote.

Alinitazama. Niliona jinsi uso wake ulivyopita haraka mahali pengi: kushangaa, kukumbuka, kuhesabu. Akasema nadhani namba imekosewa.

"Haijakosewa, Profesa. Ni hiyohiyo uliyoisoma. Uliza swali la kwanza."

Akataka kukata. Mwenyekiti wa bodi akagonga fimbo sakafuni, mara moja, na kumwambia aulize.

Akakisoma tena kile kikaratasi. Halafu akauliza, sauti yake ya kubembeleza ikiwa imekauka kabisa.

"Je, mgonjwa yuko hai?"

"Hapana," nikasema. "Alikufa siku ya ishirini na tatu, nyumbani kwangu, saa nne asubuhi, nikimgeuza ubavu. Nilikuambia mwenyewe. Ukasema abaki hivyo. Sasa iambie bodi hali yake ni ipi."

Akageuka kutazama mchoro wake.

"Iambie, Profesa."

"Amefariki," akasema.

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo karibu mwaka mzima. Nilidhani litanituliza. Badala yake lilinifungulia hamu ya mengine, kama mtu aliyeonja chakula ndipo akajua alikuwa na njaa. Nikamwambia bado kuna swali la pili, kama anaweza kusimama, na la tatu, kama anasikia maumivu. Mwenyekiti akasema, kwa upole, inatosha mama. Nikasema haitoshi, lakini nikakaa.

Asilimia alikuwa tayari amesimama upande wa pili, akiwagawia wajumbe mchoro wa kalamu nyekundu na orodha ya mia moja na kumi na tisa. Maswali yakaanza. Bwana Mteremko alijibu mawili, akajikwaa kwenye la tatu, na kwenye la nne akafanya nililokuwa nimelitarajia tangu siku ile nilipouchana ukurasa. Alinyoosha kidole kuelekea kwangu. Alisema kanuni hii hakuianzisha yeye, iko katika daftari la pili, na mwandiko ni wa karani huyu huyu anayelalamika.

Daftari likaletwa. Mwenyekiti akafungua, akapekua, akapekua tena. Akauliza ukurasa gani. Profesa akashuka jukwaani, akalichukua, akalipekua mwenyewe kwa haraka, mbele, nyuma, mbele. Vidole vyake vizuri vya upasuaji vilikuwa vinatafuta kitu kilichokuwa hatua sita kutoka kwake, kwenye goti langu. Akasema kilikuwepo. Akaapa kilikuwepo. Wajumbe walitazama pembeni, jinsi watu wanavyotazama pembeni mtu mzima anapoumbuka, na mwenyekiti akamwambia arudi kukaa.

Akanitazama. Alijua. Nami nikamtazama bila kupepesa, na nakiri mbele yenu, furaha niliyoisikia wakati ule ilikuwa tamu kuliko siku ya harusi yangu.

Wiki hiyohiyo akasimamishwa kazi. Utaratibu wa wenye nguvu kwanza ukafutwa, na shangazi akaandikwa upya, kwa mkono wangu: amefariki, siku ya ishirini na tatu. Watu walinipa mkono kwenye korido. Muuguzi mkuu aliniletea maua.

Jumamosi mchana nilikwenda kwenye chumba cha kushonea cha shangazi, ambacho sikuwa nimekigusa. Waya wa pasi ulikuwa bado sakafuni. Nilikaa kwenye kiti chake, nikainua macho, na pale juu ya cherehani nikaliona jina langu ndani ya fremu, herufi ndogo, kwenye shukrani. Kioo kilikuwa kimefutwa vumbi vizuri katikati na kuachwa pembeni, mahali ambapo mkono wake ulikuwa unafika.

Nikautoa ule ukurasa mkobani. Nikaukunjua, nikaubonyeza juu ya meza ya cherehani mpaka ukanyooka. Nilikuwa nimekwisha kuzitafuta fomu za ridhaa za watu wale. Sijui kwa nini nilizitafuta, lakini nilizitafuta, na zilikuwa kwenye bahasha. Nikapiga namba ya kwanza.

Alipokea mwanamke wa umri wangu. Nilijitambulisha, nikataja hospitali, nikasema napiga kuhusu mama yake, aliyevunjika nyonga. Akaniambia mama yake alikufa siku ya nane tangu aletwe hospitalini, siku moja baada ya kurudishwa nyumbani. Alisema waliambiwa tutapiga simu siku ya thelathini, na akamuweka mdogo wake karibu na simu siku hiyo, kwa sababu alikuwa na mengi ya kutuambia. Jioni wakagundua kwamba namba tuliyokuwa nayo sisi ni ya marehemu, na simu yenyewe imezimwa, imo kabatini.

"Miaka tisa," akasema. "Mbona mnapiga leo?"

Nikamwambia kwamba mama yake ameandikwa yuko hai, na kwamba nataka kurekebisha. Akauliza nani aliandika hivyo. Jina la Bwana Mteremko lilinijia mdomoni lenyewe, likiwa tayari, na angelipokea; kila mtu mwingine alilipokea.

"Ni mimi," nikasema. "Mwandiko ni wangu."

Upande wake nikasikia kiti kikivutwa.

"Una kalamu hapo?" akauliza.

Nikasema ninayo.

"Basi andika sasa. Nitasubiri. Halafu unisomee."

Nikakata lile neno mstari, nikaandika pembeni yake. Nikamsomea: amefariki, siku ya nane. Akaniomba nirudie, nikarudia. Akaniuliza ukurasa huo uko wapi sasa. Nikamwambia uko mbele yangu, kwenye cherehani ya shangazi, na kwamba Jumatatu nitaurudisha kwa bodi, pamoja na jina la aliyeuchana.

Hakunishukuru wala hakuniapiza. Alikata simu tu, na mimi nikabaki na kalamu mkononi na watu thelathini chini ya mama yake. Nikapiga namba ya pili.